Mtoto Uliyeniachia Tumboni

Dada Tusekile,

Mtoto wako ameanza kutembea. Ni msichana. Nilitaka ulisikie hilo kwanza, kabla ya mengine.

Ana paji lako la uso, na akikasirika anakunja mdomo vilevile ulivyokuwa ukikunja wewe mama akitutuma maji mvua inanyesha. Nikimwogesha naogopa kumtazama sana. Mimi ndiye niliyembeba, mimi ndiye niliyesukuma, lakini hana hata ukucha wangu.

Nakumbuka ulivyoniomba. Tulikuwa jikoni kwako Tunduma tunamenya viazi, malori yananguruma kwenye foleni ya mpakani. Mimba zilikuwa zimekutoka moja baada ya nyingine, na ya mwisho ikaondoka na kizazi chako. Ukasema bila kuinua uso, "Atu, mdogo wangu, nibebee." Nikadhani unataka nikupokee beseni, nikanyoosha mikono. Ukacheka. Halafu ukalia.

Mume wangu Ambakisye akaniambia, "Nenda. Lakini watu wa hapa kijijini Mbebe siwezi kuwafunga midomo." Na kweli. Tuliporudi kutoka Nairobi, daktari akiwa ameshapandikiza ndani yangu mtoto wa yai lako na mbegu ya shemeji, nani angetuelewa? Kanisani wakasema nina mimba ya shemeji yangu. Hata mama aliniuliza, "Ulilala naye au hukulala naye?" Nikamweleza tena na tena. Akatikisa kichwa: "Mtoto haingii tumboni kwa mpira wa daktari."

Ndipo ukanihamishia kwako. Kila asubuhi ulipiga magoti mbele yangu, ukaweka mdomo kitovuni, ukamsalimia mwanao kwa Kindali chetu. Akikusikia alitulia kabisa. Nilijiona kama ukuta ambao watu wawili wanaongea kupitia kwake, na wala sikuona vibaya.

Halafu ile teksi ya Noah iliyokuwa inakurudisha kutoka Vwawa ikapinduka.

Sikukuaga, dada. Walikuzika nyumbani Mbebe, na wazee wakakataa: mjamzito asiutazame mwili. Nikafungiwa chumbani na shangazi. Mtoto alikuwa akinipiga mateke tangu asubuhi. Jeneza lilipopita dirishani, akatulia. Akatulia vile alivyokuwa akitulia kwa sauti yako. Nikasema, "Shangazi, anamsikia." Shangazi akaniziba mdomo kwa khanga yake.

Tangu hapo ikawa hivyo kila asubuhi, saa ile yako ya kumsalimia. Alikuwa anacheza, mara kimya. Nami nakaa nimeshika tumbo, nasubiri nisikie kitu. Sikusikia chochote. Yeye alisikia nini, sijui.

Nilipojifungua, shemeji alikuja hospitali. Akamfunua uso, akamfunika tena, akatoka kukaa kwenye ngazi. Ndugu zake walikuwa wamemwambia kwamba mke akishakufa, mtoto abaki kwa aliyemzaa. Lakini si hao waliomzuia kumchukua. "Siwezi kumtazama, Atu," aliniambia. "Ni yeye kabisa." Nikamjibu, "Basi mtazame kidogo kidogo."

Siku hizi anakuja huku Mbebe Jumapili, anampakata mpaka jioni. Anasema atamchukua akiacha kunyonya. Watoto wangu wote niliwaachisha kabla hawajatembea. Huyu anakimbiza kuku uwanjani, na bado namnyonyesha. Unanielewa.

Nimemfundisha aniite mama mdogo, kama ilivyo haki. Lakini juzi tunakula, akaniangalia usoni, akasema, "Mama."

Dada, niligeuka kutazama mlangoni. Nilijua umeingia. Ambakisye naye akageuka, tonge likiwa mkononi. Mlango ulikuwa wazi, hapakuwa na mtu. Mtoto akaita tena, kwa nguvu, kama anayeshangaa kwa nini haitikiwi. Nikaitika. Niliitika kwa niaba yako, na, nisamehe, niliitika kwa ajili yangu pia.

Usiku huo sikumpa ziwa. Alilia mpaka akalala.

Lala salama, dada yangu. Tukishavuna mahindi nitamfunga mgongoni, tushuke Tunduma, nimkabidhi kwa baba yake mwenyewe. Nitamwambia jina lako njiani, hata kama hataelewa. Na nitamwacha pale, hata akilia. Hata nikilia mimi.

Mdogo wako,
Atupele