Leonia Hakatazwi na Babu Yake

Kibirizi, Kigoma
11 Agosti 2024

Mpendwa mwanangu Alphonce,

Shikamoo yako ya kwenye simu niliipokea, marahaba, ingawa uliitoa mbiombio kama mtu anayeachwa na basi. U mzima huko Morogoro? Mkeo Winfrida na goti lake wanaendeleaje? Sisi huku tu wazima, ila tumechoka. Mama yako amechoka kupika, Leonia amechoka kila kiungo, na mimi niliyeishia darasa la nne nimechoka hata kushika kalamu. Naandika kwa sababu kwenye simu unanikatiza.

Uliniagiza nimwambie binti yako Leonia aache hayo mashindano ya Oktoba, ya kuogelea, kisha baiskeli, kisha mbio, yote siku moja, bila hata msiba wa kukimbilia. Ulisema atajiua. Nikakubali, maana hata mimi nilitaka kulala.

Ujue anavyoishi. Jumanne ni baiskeli, anapanda vilima mpaka ng'ambo ya Mwandiga na kurudi. Alhamisi anakimbia, anapita Mwanga sokoni mpaka Ujiji, na mafundi cherehani wanamuuliza nani kamwibia. Jumamosi ni ziwani, kilomita karibu nne, na mimi ubavuni mwake na mtumbwi, miaka yangu sabini na mitatu, ili boti zisimpitie juu. Akigusa mtumbwi tu, siku hiyo haihesabiwi. Sheria ni yake. Jioni mama yako anamkanda kwa mawese. Mimi nakandwa yakibaki.

Jumamosi iliyopita upepo ulikuwa mbaya. Katikati ya safari alisimama majini, midomo imepauka, akawa anautazama mtumbwi kama mwenye njaa anavyotazama ugali. Nikaona saa ya kulitoa agizo lako imefika. Nikamwambia, na safari hii nilimaanisha, "Mke wangu, inatosha. Panda, twende nyumbani."

Alphonce, hapo ndipo ulipokosea kunituma mimi. Tangu ana miaka miwili namwita mke wangu, namwambia ana miguu ya korongo, naye ananiambia nife nimwachie redio. Hakuna neno langu hata moja alilowahi kulichukua kuwa ni kweli. Akadhani namchokoza.

"Babu, leo usinitanie," akasema. "Nimechoka kweli."

Nikaapa kwamba sitanii. Niliapa kwa Bikira Maria, naye anajua misa naiona Krismasi tu. Akalia, humo humo majini. Kisha akanifukuza.

"Kaa nyuma nisikuone. Nikikuona nataka kupanda."

Nikarudi nyuma. Akaanza kuhesabu kwa sauti kila anapotupa mkono, akifika ishirini anarudi moja. Mwendo ulikuwa wa konokono, na mimi nyuma mabega yananiwaka, lakini pwani alifika. Akajilaza mchangani kati ya dagaa walioanikwa, na akina mama wakasogeza dagaa wao bila kuuliza. Nikamuuliza nguvu hiyo kaitoa wapi. Akasema nguvu hana, kuchoka alichoka tangu Jumatatu, ila mikono ishirini haijawahi kumshinda.



Kwa hiyo agizo lako limenishinda. Neno la kumkataza ni la baba, mtani hana. Lakini usilitume kwa simu. Njoo Jumamosi moja tu, ukae wewe kwenye mtumbwi, upige kasia mpaka asimame pale katikati akutazame. Ukiweza kumwambia aache ukiwa hapo, mwambie. Mimi nitakuwa nimelala nyumbani, na sitakulaumu kwa lolote.

Mama yako Rozalia anakusalimu na anauliza unakula nini huko. Msalimie Winfrida, na umwambie mjukuu wangu Feliksi barua yake niliisoma, mwandiko ni mbaya kuliko wangu. Mungu akulinde wewe na nyumba yako, na akuongezee mikono, maana kasia ni zito.

Ni mimi baba yako, nikupendaye hata ukinituma vibaya,

Gasper