Nani Anakusuka Siku Hizi?

Kaolack, 3 Februari

Mwanangu Ngone,
Hujambo huko Nwakshoti? Saluni inakwendaje? Huku wazima, hata yule mbuzi wako mwizi. Ni mimi tu na kichwa. Kinaniuma, halafu utosi unachomachoma, kama siafu wanapita. Nesi wa zahanati ni Diop, mtani wetu. Kanipima presha, eti iko sawa. Nikamwambia, "Wewe umeshiba wali, utajuaje?" Alicheka huyo!
Mama yako

Nwakshoti, 20 Februari

Mama, shikamoo.
Umenitia wasiwasi. Maji unakunywa? Ataya hujaiacha ghafla? Mzoea chai kali akiiacha, kichwa humgonga. Usingizi je? Ndoo bado unabeba kichwani? Na nani anakusuka siku hizi? Nimekukumbuka mno, Mama.
Mwanao Ngone

Kaolack, 15 Machi

Ngone wangu,
Mimi nipo, na siafu nao wapo. Maji nakunywa. Ataya sijaacha wala siachi. Ndoo nimetua. Usingizi ndiyo shida, maana kichwa hakitaki kuguswa na mto. Jirani anasema ni jicho baya. Utarudi lini, mwanangu?
Mama yako

Nwakshoti, 28 Machi

Mama,
Nakusalimu kwa haraka. Umejibu yote, moja umeliruka. Nani anakusuka?
Ngone

Kaolack, 2 Mei

Mwanangu,
Usinicheke. Hakuna anayenisuka. Ni nywele zilezile ulizonisuka asubuhi ya safari yako, umenibana kwa magoti yako. Zikilegea nazikaza kwa uzi mweusi, navuta mpaka nyusi zinapanda. Nikizifumua, mikono yako nitaipata wapi?
Mama yako

Nwakshoti, 10 Mei

Mama yangu,
Sikucheka. Nimelia mbele ya mteja, kitana mkononi. Siafu wako ni huo uzi, Mama! Fumua leo, kabla nywele hazijang'oka. Paka mafuta, kichwa kipumzike. Kama maumivu yatabaki, rudi kwa mlafi wetu Diop. Sikukuu ya Tabaski, tukichinja kondoo, nakuja nikusuke polepole.
Mwanao

Kaolack, 21 Mei

Ngone,
Pole kwa machozi. Nimefumua, mwanangu. Jirani alitaka kusaidia, nikamfukuza. Siafu wamehama, jana nimelala mpaka jua likanikuta kitandani. Ila msuko mmoja nimeubakiza, huu wa nyuma ya sikio. Uzi nimeutoa, hauumi hata kidogo. Huo sitaufumua mimi. Uje uufumue wewe.
Mama yako