Maziwa ya Firdausi

Alhamisi, 4 Septemba 2025

Kliniki tena. Kilo nane na pointi mbili. Ile ile ya mwezi uliopita, ile ile ya mwezi kabla ya huo! Firdausi kaning'inia kwenye mzani na kile kikaptula chao, miguu inachezacheza, anawachekea watu. Hana habari. Mwaka na nusu sasa, na bado anatembea kwa kushika ukuta. Mama aliyekuwa mbele yangu kwenye foleni ana kibonge cha miezi kumi, akaniuliza wangu ana miezi mingapi. Nikajifanya sijasikia.

Nesi Marselina hakunigombeza. Aliuliza maswali mpaka nikachoka — choo kikoje, tumbo linajaa saa ngapi, analia baada ya kula nini. Nikamweleza. Tangu nimwachishe ziwa mwezi wa tano na kuanza maziwa ya ng'ombe, tumbo kama ngoma, kuharisha hakuishi, usiku anajikunja. Akasema kuna watoto tumbo lao halipatani na maziwa ya ng'ombe. Tuyaache wiki tatu, halafu tupime. "Kabisa, Mama Firdausi. Hata kijiko. Ukichanganya hatutajua kitu." Apewe mayai, dagaa, karanga za kusaga, parachichi, uji wa maji.

Na mimi ndiye niliyekuwa nikinunua maziwa kila jioni, najisifu namlisha mwanangu! Nimelia ndani ya bajaji mpaka nyumbani Sofu.

Zubeir kanisikiliza vizuri. Mimi naondoka alfajiri kwenda ofisini Mbwawa, yeye anaingia kazini Dar mchana, kwa hiyo asubuhi ni yeye na mtoto, kisha anamwacha kwa jirani yetu Mama Lusajo. Kasema atasimamia. "Hata kijiko," akarudia. Nilimpenda sana leo.

Jumanne, 9 Septemba

Tumbo limelala! Choo kizuri. Usiku kalala moja kwa moja, mimi ndiye niliyeamka kumwangalia kama anapumua. Leo kala yai zima na kudai la baba yake. Sitaki kusema sana, nisije nikalitia kijicho.

Jumapili, 14 Septemba

Marui, kwao Zubeir. Sijui nianzie wapi.

Tumefika salama, shikamoo, marahaba, Firdausi kapokewa. Mama mkwe akamweka mapajani, akambinya mapaja, akambinya mikono, akamgeuza kama mtu anayechagua kuku. Halafu, mbele ya watu wote, na wifi yangu Mwanaamina kakaa pale anamenya mihogo: "Huyu mtoto kabemendwa."

Kubemendwa! Sijui kama kuna neno chafu kuliko hilo kwa mwanamke mwenye mtoto mdogo. Yaani mmoja wetu katoka nje ya ndoa, karudi kumshika mtoto na uchafu wake, ndiyo maana mtoto hakui. Mmoja wetu — wanasema hivyo kwa adabu tu. Nani alimwangalia Zubeir? Macho yote kwangu!

Nikasema, kwa heshima zote mama, shida ni maziwa, tumeambiwa hospitali, na tangu tuyaache ana nafuu. Akacheka. "Maziwa? Miye nimelea saba kwa maziwa. Maziwa yamemkosea nini mtu? Mwanangu, ukisema mapema dawa ipo. Ukificha, unamzika mtoto."

Nikamgeukia Zubeir. Nilitaka sentensi moja. Mke wangu namwamini — basi, hata kwa sauti ndogo. Alikuwa anamenya chungwa. Kalimenya lote, taratibu, bila kukata ganda. Kisha kampa mama yake.

Baadaye wakaingia ndani, yeye, mama yake na Mwanaamina. Wakakaa huko muda. Mimi nje na mihogo, namaliza kumenya ya watu wengine na lile neno shingoni. Walipotoka mama mkwe hakuniangalia tena. Nikadhani ni chuki. Zubeir alikuwa na mfuko mweusi, kasema kapewa mihogo.

Njia nzima mpaka kwetu Kibaha nimempakata Firdausi, naangalia nje.

Jumatatu, 15 Septemba

Nimemuuliza: na wewe unaamini hayo? Kasema mama ni mtu mzima, nisimjali. Sikuuliza habari za mama. Wewe, Zubeir, unaamini? Kavua viatu. Kasema, "Sijui niamini nini."

Miaka sita ya ndoa. Hajui aamini nini!

Ijumaa, 19 Septemba

Tumbo limerudi. Limejaa, limekaza, ukiligonga linalia. Kaharisha jana, leo tena. Nimefikiria kila kitu — dagaa walikuwa na mchanga? Karanga zina ukungu? Nimemwaga unga wote wa uji, nimenunua mwingine.

Zubeir ana huruma siku hizi, lazima niseme. Anaamka kabla yangu. "Nenda, usichelewe gari, mtoto niachie mimi." Labda ndiyo namna yake ya kuomba radhi kwa yale ya Marui. Wanaume wa kwao hawasemi samahani, wanabeba ndoo. Basi. Nimeyameza.

Alhamisi, 25 Septemba

Kilo nane kamili.

Amepungua. Wiki tatu sijamwonjesha hata chai yangu, na amepungua!

Nesi Marselina kaandika kwenye kadi. Kasema labda basi si maziwa, tutafute kwingine, kanipa rufaa ya vipimo. Kabla sijanyanyuka akauliza tena taratibu kama nina uhakika hakuna mtu anayempa maziwa nyumbani. Nikajibu kwa kiburi kabisa: "Baba yake mwenyewe ndiye anayemlisha asubuhi."

Nimerudi nimekaa bafuni, maji yanatiririka bure. Kama si maziwa, ni nini? Lile neno la mama mkwe limeanza kunitambaa. Nikajikuta nahesabu wanaume ambao nimewahi hata kucheka nao ofisini. Mimi! Sijamgusa mtu, sijaguswa, na bado nimekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa najitafutia dhambi ili mwanangu apate sababu.

Ijumaa, 26 Septemba

Nimepita kwa Mama Lusajo kumchukua mtoto. Kanivuta pembeni. "Dada, kwani mmesharuhusiwa maziwa? Maana huyu kila siku akiletwa hapa anacheua maziwa. Nikajua daktari kasema sawa. Ila leo yalikuwa na rangi ya udongo, nikashtuka kidogo."

Nimemwambia arudie. Karudia.

Nimetafuta jiko zima. Nyuma ya mtungi wa gesi kuna chupa, ndani unga wa kahawia, unanuka magome. Pembeni yake kisufuria kidogo ambacho nilidhani kimepotea, kimeganda maziwa ukingoni. Jikoni kwangu! Mimi napika pale kila jioni, nasogeza mtungi kwa mguu nikifagia.

Zubeir karudi, nimemwekea chupa mezani badala ya chakula. Hakukana hata. Ni dawa ya mzee Mwinyimadi, mganga wa Marui, mama kamchukulia. Sasa kwa nini maziwa? "Haipandi na maji. Lazima maziwa ya ng'ombe. Ni kidogo tu, nusu kikombe."

Nusu kikombe! Mtu aliyerudia "hata kijiko" hapa hapa sebuleni!

Anasema alikuwa anamwokoa mwanawe. Mimi namlisha mtoto dagaa na parachichi huku mwenzangu anamnywesha sumu yake ile ile kila kunapokucha, halafu usiku akirudi ananiuliza kwa upole, "Leo tumbo likoje?" Kweli kikulacho ki nguoni mwako. Wangu analala upande wa ukutani.

Hata hivyo najua udhaifu wake, hajawahi kumkatalia mama yake kitu. Hasira yangu yote nimeielekeza Marui.

Jumapili, 28 Septemba

Nimempigia wifi Mwanaamina. Nilikuwa nimejipanga kumtukana, yeye kwanza, mama mkwe afuate. Nimemwambia mmemlisha mwanangu mavumbi kwenye maziwa, mmeniita malaya uani kwenu, na bado mnataka niwaite ndugu.

Kaniacha nimalize. Halafu kwa sauti ya chini: "Wifi, tulia. Sisi tunajua wewe huna kosa."

Mnajua tangu lini?

Nikasikia anafunga mlango kwanza.

"Wifi, mie nilidhani mmeshaongea. Ile dawa mtoto si hunyweshwa na aliyekosa, kwa mkono wake mwenyewe? Ndiyo sharti lake. Siku ile ndani mama alitoa ile chupa, akasema akuite uje upewe. Kaka akasema, 'Nipe mimi.'"

Nipe mimi.

Basi. Zubeir hakusema zaidi, na wao hawakuuliza zaidi. Kumbe mama mkwe aliposhindwa kuniangalia haikuwa chuki. Walikuwa wanajua! Wote watatu wametoka mle ndani wanajua, wakakaa, wakanipakulia mihogo, wakaniacha nile na tuhuma yao kooni. Hakuna aliyesema, jamani tumekukosea. Mwanaamina alinisindikiza mpaka barabarani kanishika mkono! Nikamwona mwema.

Na zile asubuhi zote. "Mtoto niachie mimi." Nami nikaandika humu ana huruma.

Jumatatu, 29 Septemba

Kakiri. Mwanamke wa Mbezi, wanafanya kazi pamoja. Kasema imeisha. Imeisha lini?

Kalia. Kasema mtoto alipoacha kukua mwezi wa tano, yeye alishajua ni yeye, akawa anaogopa hata kumbeba.

Hapo ndipo nilipomwangalia kama mtu nisiyemjua. Kumbe wewe unaamini kabisa kwamba uzinzi wako unamkondesha mwanao. Unaamini kwa moyo wako wote. Na bado ukaendelea kwenda!

Mimi siamini; ningekuwa mimi niliyetoka nje, ningeweza kusamehewa kwa ujinga. Yeye alikuwa anaamini.

Jumatano, 1 Oktoba

Nimerudi kwa Nesi Marselina, nimemwambia kila kitu isipokuwa Mbezi. Kafumba macho kidogo. "Basi tunaanza moja." Karuhusu vipimo visubiri. Wiki tatu nyingine, na mtoto asilishwe na mtu mwingine zaidi yangu na Mama Lusajo.

Dawa nimemwaga chooni. Kisufuria nimetupa. Zubeir analala kwenye kochi, anajikunja kwa sababu ni fupi, na sitamhurumia.

Firdausi haelewi. Asubuhi namfunga mgongoni tunatoka, yeye anamnyooshea baba yake mikono, analia. Alizoea kupewa na baba. Maziwa na sukari, nani asingezoea? Zubeir anasimama mlangoni hajui aweke wapi mikono yake.

Ijumaa, 3 Oktoba

Tumbo limeanza kulegea. Naligusa kila dakika kama mwendawazimu. Sijamwambia Zubeir. Furaha hii ni yangu, hakuchangia.

Jumamosi, 4 Oktoba

Wamekuja. Naandika chumbani, kwa haraka, nimewaambia nachukua mtandio.

Mama mkwe na Mwanaamina, bila taarifa, asubuhi hii. Wamekuja na nazi, mihogo, na kidumu cha maziwa. Kidumu cha maziwa! Nimekitoa mwenyewe mpaka barazani, nimesema hiki kisivuke mlango. Mama mkwe kasema, "Haya mwanangu, nyumba yako."

Nilidhani wamekuja kuniomba radhi. Mjinga mimi. Nilishaanza hata kulegea, nikawapa maji, nikakaa chini kwenye mkeka miguuni pake kama mkwe mwema.

Akaanza kwa upole. Zubeir ni mtoto wake na kakosa, hamtetei. Wanaume ndivyo walivyo. Ila dawa imekatishwa njiani, na dawa ikikatishwa njiani ni mbaya kuliko isingeanzwa. Mzee Mwinyimadi kasema sasa iliyobaki ni mimi. Aliyekosewa lazima asamehe kwa mdomo wake, mbele ya watu, mtoto akiwapo. Ndipo mtoto atakua.

Nikauliza, na kama sijasamehe?

"Basi asipokua, mama, hapo ni juu yako."

Juu yangu! Kalala nje yeye, kadanganya yeye, kanywesha yeye, na safari yote imezunguka imerudi mlangoni kwangu. Nimemtazama Zubeir. Alikuwa anaangalia mkeka. Nikaona kabisa, anasubiri nisamehe. Siyo kwa ajili ya mtoto. Ametua mzigo tayari, anangoja nani auokote.

Siamini hayo mambo. Nimesoma, nina kadi ya kliniki, nina Nesi Marselina. Lakini nikikataa, na siku ya mzani ikasoma kilo nane tena? Watasema nini Marui? Nitajiambia nini mimi, bafuni?

Na nikisema "nimesamehe" na akakua, watasema ni dawa. Atapona kwa maziwa kuachwa, sifa wachukue wao, na Zubeir atakuwa msafi.

Mwanaamina kaja mlangoni, kagonga kwa kucha. "Wifi, toka tu. Ni neno moja, linasemwa likaisha." Nimemwambia nakuja. Kakaa kidogo halafu karudi.

Sasa Zubeir. "Mama Firdausi, wanakusubiri." Sauti ile ile ya asubuhi.

Mtandio ninao mkononi tangu niingie. Firdausi alikuwa ananililia huko sebuleni muda wote, bibi yake anambembeleza, njoo kwa bibi, njoo kwa bibi. Nilikuwa namsikia vizuri kabisa.

Kanyamaza.

Kanyamaza ghafla, siyo kwa kulala, anapolala huwa ana kwikwi kwanza. Na mlango wa barazani umelia sasa hivi — nani katoka kule nilikokiacha kidumu? Kanyamazishwa na nini?