Msambaa Aliyeniuza kwa Mkungu wa Ndizi

Dada yangu Mwanahawa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na kwamba miguu ya mama imepungua kuvimba. Je, mihogo imekwendaje? Uliniambia mvua ilikuja Mkata ikachungulia tu, ikaona watu wenyewe ndio sisi, ikageuza. Mimi mwili ni mzima. Nakula, nalala, sikohoi. Hayo mengine utayasoma hapa chini, na nakuomba usome kwanza peke yako, ukae nyuma ya kibanda, halafu umsomee mama ukiruka pale nilipotukana. Utaruka sana.

Sikupiga simu kwa makusudi. Nikipiga unaweka spika, na ukiweka spika hapo barabarani habari yangu inapanda basi na kushuka Segera kabla hujamrudishia abiria chenji ya mahindi. Ndiyo maana karatasi hii nimempa dada mmoja muuguzi anayekuja Korogwe likizo. Ni mwaminifu, lakini usimkaribishe chai ukaanza kumchimba habari zangu. Atakueleza kwa huruma, na huruma yake mimi siitaki.

Mara ya mwisho uliniuliza, "Ile karatasi ya kukaa moja kwa moja umepata?" Sijapata, na sitapata. Usishtuke, soma.

Unakumbuka nilipopata nafasi ya chuo, walivyonitumia picha za vijana wa kila rangi wamekaa kwenye majani wanacheka? Nilidhani Kanada nzima inacheka. Kumbe mwanafunzi wa kigeni anapendwa kama mteja anavyopendwa, mpaka pale anapotoka mlangoni. Ukimaliza chuo wanakupa kibali cha kufanya kazi, mara moja tu katika maisha yako, na kibali hicho kikiisha hakirudiwi. Kabla hakijaisha inabidi uwe umekusanya alama za kutosha wakukubali uwe mkaazi wa kudumu. Umri una alama zake, elimu ina zake, kazi ina zake. Ukikaribia kiwango, wanakipandisha. Ukikifukuzia, unazeeka, na ukizeeka wanakupunguzia. Wenzangu siku ya kuzaliwa wanakula keki, mimi nilikuwa nakaa nafungua tovuti yao nione wamenipunguzia alama ngapi kwa kosa la kuendelea kuishi.

Na Kiingereza, dada! Nimesoma kwenye chuo chao, kwa lugha yao, nikafaulu kwa walimu wao. Bado wakaniweka kwenye chumba chenye kompyuta nithibitishe kwamba Kiingereza nakijua. Nikathibitisha. Cheti chenyewe kinachacha kama maziwa, kikikaa muda kidogo wanasema hakifai, rudi tena. Wanadhani lugha inamtoka mtu usingizini. Ofisini kwao nimekutana na binti aliyeniuliza Tanzania iko upande gani wa Nigeria, na huyo ndiye anayepima uelewa wangu.

Kazi yangu unaijua: msimamizi wa zamu katika kiwanda cha mikate. Ni mikate myeupe, laini kama sponji, ambayo mama angewarushia kuku na kuku wangekaa wakafikiria kwanza. Lakini kazi ya usimamizi ina alama nzuri, basi nikaisimamia mikate hiyo kama mali ya baba yangu. Nikatuma maombi. Ilibaki wao kuhakikisha tu kwamba kweli nafanya kazi ninayosema nafanya.

Sasa nije kwa Elia. Elia ni Msambaa wa Dindira, baba yake ana kishamba cha chai kule juu. Tulikutana chuoni, tukapanga nyumba moja, na mimi ndiye niliyemwingiza kiwandani. Toka siku ya kwanza aliposikia mimi ni Mzigua wa Handeni, mtani wake wa jadi, hakuniita Rajabu. Ananiita mtumwa wangu. Mimi namwita tumbili wa mlimani. Nikioga sana ananiuliza, "Mgosi, maji yote haya unayamalizia nini, unasahau kwenu mnaoga Idd kwa Idd?" Nami namuuliza kama ameshazoea kutembea mahali tambarare au bado miguu inatafuta mteremko. Wewe unajua haya. Bila Elia ningekwisha kuwa kichaa katika nchi hii ambayo mtu akikutania anakuomba radhi kwanza, na baada ya kukutania anakuomba radhi tena.

Chumba cha kufungashia mikate kina simu ya ukutani. Kila siku hupiga mama mmoja wa magari ya kusambaza, mcheshi sana, tumeshamzoesha utani wetu. Siku hiyo simu ililia, Elia akawahi. Sauti ya mwanamke ikamuuliza kama anamfahamu Rajabu na Rajabu anafanya kazi gani hapo. Elia akadhani ni yule mama wa magari anatafuta kicheko chake. Nilikuwa mbele yake nimeshika trei, ananitazama usoni, na wewe unajua mdomo wa Msambaa ukimwona Mzigua haungoji ruhusa. Akajibu kwa Kiingereza chake kizuri kabisa: "Huyo? Hafanyi kazi yoyote. Anakula mikate tu. Babu yangu alimnunua babu yake kwa mkungu wa ndizi, ndiyo maana mpaka leo tunamlea."

Na mimi, mdogo wako mwenye akili zote, nikapiga kelele kutoka kwenye trei yangu: "Mwambie mtumwa ni yeye, mimi ndiye bwana!"

Tulicheka mpaka Elia akaangusha kofia. Yule mwanamke hakucheka. Alisema asante akakata simu. Alikuwa ofisa wa uhamiaji.

Haikupita muda mrefu wakaja kiwandani watu wawili, wamevaa vizuri, nyuso za msibani. Wakaniita pembeni wakaniuliza kwa sauti ya chini kama kuna mtu ananimiliki. Dada, naapa, waliniuliza hivyo. Kama kuna mtu ameshika pasi yangu. Kama ninalishwa. Wakanipa kikaratasi chenye namba ya kupiga nikitaka kuokolewa. Nikawauliza waniokoe kutoka kwa nani, wakamtazama Elia, ambaye alikuwa anafagia makombo. Sasa huyo meneja wetu anayetubakiza baada ya zamu kila wiki bila malipo, ambaye anajua wenye vibali vya muda hawawezi kumnunia, huyo hawakumuuliza chochote. Walimpa mkono wakaondoka na mkate wa bure.

Baada ya hapo ofisi ikaniandikia. Walisema mfanyakazi mwenzangu amethibitisha kwamba kazi ninayodai sifanyi, hivyo wana wasiwasi nimewadanganya, nijieleze kabla hawajaamua.

Nikaenda kwa mshauri wa vibali. Hawa washauri, dada, ni watu wanaoishi kwa hofu za wenzao. Huyu wangu ana ofisi juu ya duka la simu na tai yenye madoa ya kahawa. Nilimweleza kwa kituo utani ni nini. Alinisikiliza akila karanga. Halafu akasema hakuna ofisa atakayekaa asome habari za makabila, kuna njia moja tu ya kueleweka. "Andika kwamba huyo Elia ni adui yako. Ana wivu, mmegombana, alisema uongo kukuharibia. Wivu wanauelewa." Alikwisha kuniandalia maelezo, ilibaki sahihi yangu. Nikamuuliza, na Elia? Maana Elia naye alikuwa na maombi yake palepale, kwenye foleni ileile, na mtu aliyewadanganya maofisa hapewi kitu. Mshauri akapangusa vidole. Akasema Elia si mteja wake.

Nilimweleza Elia. Hakutania. Aliniambia, "Saini, Rajabu. Niite adui, niite mwizi, niite utakavyo. Mimi nimekuharibia." Ilikuwa mara ya kwanza aniite jina langu, na nilichukia kulisikia kuliko nilivyochukia barua ya ofisi.

Nilikaa na karatasi ile siku kadhaa, na sikufichi, niliitaka sahihi ile. Nilikuwa namtazama Elia akinywa chai nasema moyoni, ana mdomo mrefu, acha umlipize. Lakini kila nikishika kalamu nilikuwa naona msiba wa baba. Unamkumbuka yule mzee wa Kisambaa aliyekuja kutoka milimani, hata hatukumjua jina? Alivyochukua koti la baba msumarini bila kuuliza, akavaa na kofia yake, akapita katikati ya waombolezaji anachechemea kama baba, akamsimamia mama akafoka, "Mwanamke, chai haina sukari tena, mnataka nife mara mbili?" Mama alikuwa hajatoa sauti tangu alfajiri. Alicheka, dada. Alicheka akaanguka mkekani, ndipo machozi yakapata njia. Wewe ulitaka kumfukuza yule mzee, ulikuwa bado mdogo, mjomba akakuzuia akakwambia, "Mwache mtani afanye kazi yake." Na baadaye alikuwa wa kwanza kuingia kaburini kumpokea baba.

Sasa mimi nisaini kwamba mtu wa namna hiyo ni adui yangu? Ili nipate nini? Ruhusa ya kuzeekea kwenye mikate mibaya? Nilichana karatasi ya mshauri nikaandika maelezo yangu mwenyewe. Niliandika kweli yote: utani, ndizi, watumwa, mpaka msiba wa baba. Meneja akaandika mistari miwili kwamba nafanya kazi, mistari baridi, kama mtu anayeandika kuhusu mashine. Nikatuma.

Walijibu kwamba maelezo hayakuwaridhisha. Ndivyo walivyoandika, hayakuwaridhisha. Kuna mtu amekaa kwenye kiti cha kuzunguka, amesoma jinsi mama yangu alivyocheka siku ya kumzika mumewe, na hakuridhika. Simchukii. Chuki ni heshima, na huyo hanidai heshima yoyote. Namdharau tu, kama ninavyoudharau mkate wake.

Wiki hiyohiyo Elia akakubaliwa ukaazi wa kudumu. Usimlaani, na usimruhusu mtu mwingine amlaani. Alikaa kwenye ngazi na simu mkononi analia kama amefiwa. Nikamwambia, "Futa machozi, tumbili, bwana wako anaondoka na bado hujafua nguo zake."

Najua utaniita mjinga. Utasema ningesaini, mambo ya Elia yangejulikana mbele kwa mbele. Najua pia kuna watu hapo Mkata watakaopunguza mwendo wakipita kibandani kwako, kuona kama Mkanada amerudi na sanduku au na mfuko wa rambo. Yule baba mdogo aliyekuwa ananiita "mheshimiwa" kwenye simu ataniita "kijana". Waache. Nimedharauliwa na wataalamu wenye kompyuta, hao wa kwetu wataniwezea wapi?

Kibali changu kimekufa na tiketi ninayo. Jana ilikuwa siku yangu ya mwisho kiwandani. Nilivua aproni na kofia nikavitundika msumarini, nikageuka kuwaaga wenzangu. Niliporudisha macho, Elia amevivaa. Aproni yangu, kofia yangu imevutwa mbele kama ninavyoivuta. Akaanza kutembea kati ya meza kwa mwendo wangu, mikono nyuma, anabonyeza mikate kwa kidole kama ninavyoibonyeza, anatikisa kichwa, anasema kwa sauti yangu kabisa, "Huu mkate ungekuwa Handeni ungekamatwa." Wafanyakazi hawakujua wacheke au wakimbie. Nilicheka, dada. Nilicheka mpaka nikashika ukuta, halafu kikanitoka kile kilichomtoka mama.

Meneja akanisogelea akaniuliza yule anafanya nini, amerukwa na akili?

Nikamwambia hapana, ananizika.

Basi nisalimie shemeji na umwambie jembe langu asimpe mtu, nalitaka. Wape watoto busu, na yule mdogo uliyeniambia anaanza kusoma, mwambie Kiingereza asome akitaka, ila asikubali kupimwa na mtu asiyeijua Tanzania iko wapi. Msalimie mjomba aliyekuzuia siku ile, yeye ndiye wa kwanza kusomewa baada ya mama. Nikishuka Segera sitakuja moja kwa moja nyumbani. Nitapanda kwanza Dindira kwa baba yake Elia, nimwambie mwanawe ameniuza, safari hii kweli, na nimekuja kudai ndizi zangu.

Mama mwambie taratibu. Atataka kulia. Mwambie asijisumbue, mtani ameshafanya kazi yake.

Ni mimi mdogo wako, mali ya Wasambaa,
Rajabu