Nafasi Iliyoachwa Wazi Kwenye Faili Lako

Mpendwa Tata,

Ungekuwa hai nisingethubutu kukuandikia barua hii. Ningemwambia Mama, mkeo, naye akuambie, nawe ungejibu kupitia kwake huku nimesimama jikoni nikisikia kila neno. Ndivyo tulivyoishi miaka kumi na moja pale Birongo, mimi mke wa mwanao Ongeri na wewe baba mkwe wangu, na kati yetu chinsoni, ile heshima yetu ya Wagusii inayomzuia mzee kuutaja mwili wake mbele ya mke wa mwanawe. Hatukuwahi hata kushikana mikono. Sasa umelala kando ya migomba na hakuna wa kunipelekea maneno, kwa hiyo univumilie. Nitasema moja kwa moja.

Niko katika chumba cha mafaili hapa hospitalini. Saa nane mchana kuna mkutano. Mezani kuna katoni, na ndani ya katoni mna faili lako.

Unakumbuka ulivyokuwa ukikohoa? Ukifika kwenye ua wa nyumba yangu unakohoa mara mbili, kavu kabisa, ili nijue unakuja na niondoe kwenye kamba nguo ambazo mkwe hapaswi kuziona. Watoto wakajifunza kikohozi chako. Mara ngapi nimetoka mbio na povu mikononi, nikaanua kamba nzima, halafu nikawakuta wawili hao wamejificha nyuma ya tangi wakicheka? Siku uliyowafumania ulicheka mpaka ukashika ua usianguke. Kisha ukajikumbuka, ukamwambia Mama aniambie niwachape. Mama hakuniambia, na wewe hukuuliza tena.

Na nilipofuzu uuguzi ulivaa koti zito juani, ukakaa mstari wa mbele ambao haukuwa wa wazazi, na aliyekuja kukuhamisha akaona uso wako akaghairi. Tangu siku hiyo sikuwa Kemunto tena. Nilikuwa "Sista wetu". Kuanzia Birongo hadi soko la Nyakoe, mwenye kikohozi, mwenye jipu, mwenye mtoto anayeharisha, wote uliwatuma kwangu. "Mwambie umetumwa na baba yake." Wakaja, nikawahudumia, na nilijivuna. Watu wote hao ulinitumia, Tata, na siku ulipokuja mwenyewe sikukuhudumia.

Uliingia saa tatu asubuhi. Nilikuwa kwenye meza ya mbele ya idara ya dharura, ile ambayo kila mgonjwa hupitia ili iamuliwe nani anaonwa sasa hivi na nani anaweza kungoja. Pikipiki mbili zilikuwa zimegongana, damu ilikuwa sakafuni, na ndugu za majeruhi walikuwa wakipiga kelele. Katikati ya vurugu hiyo nikakuona na kofia yako mkononi, nikakuamkia.

"Tata, bwakire."

"Bwakire buya, Sista."

"Shida ni gani?"

"Ni tumbo tu. Kidogo. Shughulikia hawa wa damu kwanza, mimi si mgonjwa sana."

Ulikuwa umelishika koti lako kwa chini kwa mikono miwili, na joto lote lile. Niliona. Hilo ndilo neno ambalo kwa muda mrefu sikumwambia mtu, Tata, kwamba niliona. Mgonjwa mwingine yeyote ningemlaza, ningemwekea mkono tumboni, ningemuuliza ameanza kuumwa lini, ametapika, amekwenda choo. Kwako niliinamisha macho kama mkamwana mwenye adabu. Nikaandika "tumbo, hali shwari", nikakupa kadi ya kijani, ya wanaoweza kungoja. Palikuwa na muuguzi mwanamume chumba cha pili. Sikumwita. Ukakaa kwenye benchi la dirishani, na kila nilipoinua macho ulikuwa umetazama pembeni. Nilishukuru kwamba hunitazami.

Saa nane ukatapika sakafuni, ukamwomba msamaha yule mama wa usafi. Daktari alipofungua koti alipaza sauti. Ilikuwa ngiri, utumbo ulikuwa umeshuka kinenani na kunaswa huko tangu jana yake, nawe umekaa nao saa tano mbele yangu. Walikukimbiza thieta, wakakupasua. Jioni ile ulipokuwa bado umelala kwa dawa nilikushika kifundo cha mkono nihesabu mapigo ya moyo. Dakika ikaisha na sikukuachia. Siku ya tatu ukaondoka.

Nimemuuliza daktari kama ungepona lau ningekugusa saa tatu. Akasema, "Hilo hatuwezi kulijua." Naona alitaka kunifariji. Nimeibeba sentensi hiyo kila siku na bado inaniuma.

Kwenye mazishi Mama alisimama mbele ya watu wote akasema, "Namshukuru Mungu, mzee alipokelewa na mtoto wake mwenyewe." Wakapiga makofi. Nilipigiwa makofi, Tata, kando ya jeneza lako, nami nikainamisha kichwa wakadhani ni unyenyekevu.

Baadaye utafiti ulianza hapa hospitalini. Anayeuongoza ni Daktari Zuhura, wa mjini hapa hapa, mwanamke asiye na subira na visingizio. Anataka kujua kwa nini wagonjwa wa dharura wanakawia kuhudumiwa na ni wapi hasa tunawapoteza, ili upokeaji wenyewe ubadilike. Alinichagua mimi kusoma mafaili ya zamani kwa sababu naijua meza ile. Kwa kila mgonjwa natafuta saa aliyoingia, saa aliyoguswa mara ya kwanza na mhudumu, tulichoandika na ugonjwa uliokuja kuonekana. Faili likikosa saa mojawapo linaitwa pungufu. Linawekwa katonini na halihesabiwi.

Wiki iliyopita nikafika kwako. Saa ya kuingia ipo. Mwandiko wangu upo. Lakini mahali pa saa uliyoguswa ni peupe, sikuandika kitu. Kwa kanuni ulikuwa pungufu. Sikuhitaji kuficha chochote wala kuchana karatasi. Nilitakiwa tu kufuata utaratibu, na hakuna ambaye angejua maisha yake yote. Nikakuweka katonini, nikafunika, nikaenda kunywa chai.

Chai sikuimaliza. Nilirudi nikaanza kuwafungua wale wengine wa katoni, mmoja mmoja, nikitafuta nini sijui, labda mwenzangu wa kosa. Bibi aliyesema ni uchovu. Kijana aliyekuja na mama yake akaona haya kusema anakojoa damu. Faili baada ya faili, mahali ni pale pale, peupe. Saa haikuandikwa kwa sababu hapakuwa na saa ya kuandika. Hakuna aliyewagusa. Tata, tuliokuwa tukiwatafuta ndio hao tuliokuwa tukiwatupa.

Nikimwambia Daktari afungue katoni, atakufikia na wewe, na chini yako kuna sahihi yangu. Nisipomwambia, utafiti utasema hali yetu si mbaya sana, na meza ile itabaki ilivyo, na mzee mwingine ataketi kwenye benchi lile akiwa ameshika koti lake.

Jumamosi nikaenda kwa Mama kwanza. Sikutaka asikie kutoka mjini. Nilimkuta uani akipepeta wimbi, nikapiga magoti mbele ya ungo na kumweleza yote, kadi ya kijani, koti, macho yangu. Nilingoja anifukuze. Aliendelea kupepeta, kisha mikono yake ikasimama.

"Kemunto, hata mimi niko na kitu."

Akaniambia kwamba ulimpigia simu ukiwa pale pale kwenye benchi. Ulimwambia, "Mwambie Sista ni ile ya chini, imekataa kurudi ndani." Kwa hiyo ulisema! Ulisema kwa njia yetu ile ile, kupitia kwa Mama, kama ulivyosema kila kitu miaka yote.

"Nikakupigia mara mbili," Mama akasema. "Hukushika. Nikasema huyu mtoto ako kazi, wacha nisimsumbue, si ako na yeye hapo."

Simu yangu ilikuwa kwenye droo, kanuni ya kazi. Nilizikuta zile simu mbili jioni, nikafikiri alitaka tu kujua unaendeleaje.

"Na ile siku ya mazishi," akasema, "nilikusifu ndio mtu asiniulize mimi."

Tulilia mpaka kuku wakaja kula wimbi uliomwagika na hakuna aliyewafukuza. Baadaye akajifuta, akasema, "Ongeri nitamwambia mimi. Wewe wacha." Alikuwa ananihurumia. Lakini nilisema hapana, Mama, hili nitamwambia mwenyewe, na kwa mara ya kwanza katika nyumba yako nikakataa neno la mama mkwe wangu.

Nilimwambia Ongeri siku hiyo hiyo. Aliniuliza maswali mawili tu.

"Baba alikuwa amekaa mbele yako?"

"Ndiyo."

"Saa tano nzima?"

"Ndiyo."

Akachukua funguo za duka akaenda Nyakoe. Leo ni siku ya nne. Anakula ninachopika, anaosha sahani yake mwenyewe, hasemi nami. Simlaumu. Naogopa, Tata. Sijui kama nikitoka mkutanoni leo nitakuwa bado na kazi, wala kama nikifika nyumbani nitakuwa bado na mume.

Katoni nilimpelekea Daktari Zuhura mwenyewe jana. Alisoma mafaili sita akiwa amesimama. La saba lilikuwa lako. Alitazama sahihi, akanitazama.

"Unajua tukizifungua hizi, na hii inafunguka?"

"Ndiyo maana nimeziweka pamoja."

Kwenye fomu mpya ya kupokea wagonjwa nimeomba swali moja liongezwe: anayekupokea ni mtu wa familia yako? Kama ndiyo, amwite mwenzake. Daktari alicheka kidogo. "Kemunto, hapa Kisii kila mtu si ni wa familia ya mtu?" Kisha akaliandika, akanirudishia katoni niifungue leo mbele ya mkutano wa idara. Wenzangu kadhaa wamekwisha kusikia. Asubuhi hii mmoja alinipita koridoni akasema, "Unatuanika kwa ajili ya nini?" Jibu limo katika katoni hii.

Zimebaki dakika chache. Nimechukua fomu yako ya utafiti na kalamu. Mbele ya "saa aliyoguswa mara ya kwanza" nimeandika neno moja: hakuguswa. Mbele ya "aliyempokea" nimeandika jina langu lote, pamoja na lile la ukoo wako mlilonipa nilipoolewa.

Nisamehe, Tata. Adabu uliyonipenda kwayo ndiyo iliyokuketisha kwenye benchi lile. Pumzika, mimi naenda. Nikifika kwenye mlango wa ukumbi nitakohoa mara mbili kama wewe, wajue ninakuja, ndipo niingie na faili lako.

Mkamwana wako,
Sista wenu