Upinde Nilioutwaa Matangani

Mtani wangu Kasimu,

Nakuarifu kuwa upinde wako umerudi nyumbani kwako. Usifurahi upesi. Nitaeleza kwa utaratibu, maana ulikuwa mtu wa kukatiza wenzako maneno, na sasa kwa mara ya kwanza huwezi.

Siku tuliyokuzika nilitimiza haki yangu. Wazee wako Wanyamwezi walishusha pembe za ndovu hadi kwetu pwani, na baba yangu Mzaramo alipanda na msafara hadi Tabora, akalowea. Utani wetu ulizaliwa njiani humo, nami sikuona sababu ya kuuacha kwa kuwa umekufa. Watu wakilia, niliingia chumbani mwako nikautwaa upinde pamoja na podo la mishale, nikatoka navyo uani. Nikatangaza: "Huu ni wangu mpaka mtu wa nyumba hii atoboe kibuyu kwa upinde huu mbele ya macho yangu. Arobaini ikipita, nitausongea ugali."

Mkeo Mwajuma akacheka huku machozi yakimtoka. "Mzaramo, huna haya!" Nilikuwa nimepata nilichokitaka.

Ndipo aliposimama mdogo wako Hamisi, fundi cherehani. "Nitaukomboa mimi." Uani pote kicheko. Wewe mwenyewe ulikuwa ukimwita Mikono ya Pamba. Lakini yeye hakucheka. Alinivuta pembeni akasema, "Mzee, upinde huu baba aliachiwa na babu. Ukipotea mikononi mwangu, nitaingiaje tena nyumba ile?"

Mtani hutwaa kitu ili kikombolewe, si ili akae nacho. Kwa hiyo ilinipasa mimi niliyeutwaa nimfundishe kuukomboa.

Lakini wapi? Ule uwanda wetu nyuma ya tanuri za matofali umejaa nyumba tangu ulipougua. Mji umekua, Kasimu, wala haukuwakumbuka wapiga mishale. Tulianzia uani kwangu. Mshale wa Hamisi uliruka ua ukatoboa kanga ya jirani yangu Bi Zena iliyoanikwa kambani. Akaja nayo mkononi. "Watu wazima nyie! Mnawinda nguo?" Hamisi akaitia kiraka papo hapo, kizuri hata Bi Zena akauliza kama tutapiga tena kesho, maana anayo nyingine iliyochakaa.

Tukaenda uwanja wa mpira. Askari alikuja mbio, akasimama wima. "Shikamooni, wazee. Leo mnapigana na nani?" Akatuondoa kwa adabu, na alikuwa na haki. Karibu na stesheni wachukuzi walitua mizigo wakawa wanamzomea Hamisi kila anapovuta, mpaka mikono ikamtetemeka. Siku ile alirudi mbele yangu, akaniachia mimi niubebe upinde. Nilidhani ameacha.

Ndipo nilipoikumbuka njia ya zamani ya misafara, kule upande wa Kwihara. Unajua jinsi miguu ya wapagazi ilivyoichimba, hata leo mtu akisimama ndani yake kingo zinamfika mabegani. Tangu reli ije hapiti mtu humo. Na pale inapopinda pana ukuta wa udongo mrefu kuliko mtu. Mshale ukikosa shabaha hunasa udongoni. Haumfikii mtu wala kanga. Tulikuwa tumeuzunguka mji wote tukitafuta mahali, na mahali palikuwa pamechimbwa na baba zetu.

Basi kila alasiri Hamisi alifunga cherehani tukaenda. Nilimpa maneno yako: "Usiuvute kwa mkono, uvute kwa mgongo." Alipokosea nilimpa na yale uliyokuwa ukinirushia mimi, kwamba navuta upinde kama mtu anayekuna nazi. Alicheka. Tangu hapo mikono ikatulia.

Siku ya arobaini, baada ya dua na chakula, watu walitufuata hadi kwenye njia ile ya misafara. Mwajuma alisimama ukingoni pamoja na wanawake. Mshale wa kwanza ulipita juu ya kibuyu. "Mwiko huo! Leteni sufuria!" wakapiga kelele watani wenzangu, wakidai upinde umepotea. Niliwaambia wanyamaze. Sikusema kwamba ni mshale mmoja tu. Maneno yalikuwa yangu na nayajua. Hamisi akafumba jicho moja, kama anavyotunga uzi kwenye sindano, akavuta kwa mgongo. Kibuyu kikapasuka.

Nilimkabidhi upinde kwa mikono miwili, na podo lake. Mwajuma akasema, "Haya, mwizi, nenda zako." Nikaenda. Nilipofika karibu na kwangu niliitazama mikono yangu mitupu, na hapo, Kasimu, ndipo nilipofiwa. Siku zote zile nilikuwa na kitu chako cha kugombania.

Lakini hukuniacha mjinga. Mshale mmoja haumo podoni. Uko juu ya mlango wangu, nami nimekwisha kumwambia Hamisi kuwa nyumba yenu haitaupata bure. Amejibu kuwa atakuja na wajukuu zako wote, na kwamba Mzaramo ajiandae kuaibika. Nakuahidi kila Ijumaa jioni nitakuwa pale njiani, na kibuyu kitakuwa kimesimamishwa.

Pumzika, mtani wangu. Mshale wako ninao.

Mwizi wako,
Mzaramo