Hakukuwa Mbuzi mu Kiwanja

Nchelenge, kiangazi 1997

Baba yangu mupenzi,

Jambo sana. Muguu yako inaendelea namna gani? Na mama, kikohozi ilimuacha? Mimi mwili iko muzima, ni roho njo inauma.

Mu barua ya nyuma nilikuandikia kama nilirusha ndeke, ile eropleni ndogo ya kujifunzia, peke yangu mara ya kwanza, na kama wakati wa kushuka mbuzi ilikatiza mbele yangu, bawa ikavunjika. Baba, nilikudanganya. Hakukuwa mbuzi.

Ndeke ya Ba Kapembwa, muzee anayenifundisha, iko na kagurudumu kadogo chini ya mukia. Ikigusa chini, miguu yako haina ruhusa ya kupumzika: unasukuma pedali ya kushoto, unasukuma ya kuume, mpaka isimame kabisa. Ukilegea kidogo tu, mukia inataka kupita mbele. Ile siku nilishuka muzuri. Bamama ba kuuza samaki balisimama pembeni ya kiwanja banapiga bigelegele, nikainua mukono nibasalimie, nikasahau miguu. Bon, ndeke ikazunguka, bawa ikachimba udongo.

Ba Kapembwa alikuja mbio. "Umeumia?"

"Hapana."

"Nini ilifanyika?"

Nikaona mbuzi za Mama Bupe mbali kule mu majani. "Mbuzi ilikatiza," nikasema.

Mama Bupe ni mujane, jirani yetu. Kesho yake alikuja kwangu, akapiga magoti, akapiga makofi polepole kama Babemba banavyoomba, akaniwekea sahani ya samaki ya kukauka.

"Nisamehe, mwana wangu. Sikujua ni mbuzi gani, nikachinja ile kubwa, kwa sababu ile njo inatangulia zingine."

Nilipokea, Baba. Nikakula.

Siku tatu sikuweza kumuangalia Ba Kapembwa mu macho. Siku ya ine nilimukuta anashona kitambaa ku bawa, nikamuambia yote. Hakuacha kushona. "Alama za magurudumu nilisoma siku ile ile," akasema. "Nilikuwa nangoja uniambie weye." Lakini niliposema mbuzi imechinjwa, akaweka sindano chini. "Ile sikujua. Enda kwake. Sasa hivi."

Nilipiga magoti pa mulango wa Mama Bupe. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kitu kimoja tu: "Na ile samaki, ulikula?"

"Ndiyo, mama."

Akaingia mu nyumba, akafunga mulango.

Mpaka leo hajanisalimia. Asubuhi ninamuchotea maji ku ziwa. Ndoo anairudisha tupu. Ba Kapembwa amesema bawa ikipona tutaanza tena tangu mwanzo, na leseni itangoja.

Yaya, mukubwa wangu, ameniandikia kama ulisimama ku kanisa, ukashukuru Mungu aliyenikinga na mbuzi. Kama ni nzito kwako kusimama tena useme hakukuwa mbuzi, usisimame. Nitavuka ziwa mi mwenyewe, nikuje kwetu, niseme mbele ya batu bote, na weye ukae pale unisikie.

Unisalimie mama, yaya na mutoto wake, na muzee wa kanisa.

Ni mimi binti yako, na haya mingi,
Régine